Goma: Ujumbe wa afya unamfikia mwenye simu, siyo yule anayelala na mgonjwa

Kila asubuhi, nyuma ya hospitali za Goma na Bukavu, kuna moshi. Ni akina mama wanaopika uji na fufu, kwani hospitali za huku hazipikii wagonjwa. Watu wanawaita magardimaladi. Hawana mshahara wala kitanda. Usiku wanatandika kikwembe chini ya kitanda cha mgonjwa, wanalala na sikio moja wazi. Wengi wana simu ndogo ya vibonyezo iliyofungwa kwa mpira, ao hawana simu kabisa. Na ni hawa wanaobebeshwa lawama moja kila mara mradi mpya wa afya kwa simu unapofika na projekta yake na maji ya chupa: kwamba wazee hawataki teknolojia, vijana ndio wanaielewa.

Lawama hiyo siyo ya kweli. Mbaya zaidi, inaficha kosa la wale wanaoitoa.

Chukua familia ambayo kila avenyu ya Ndosho, Majengo ao Kadutu inaitambua. Tate ana miaka 60 na kitu, alikimbia vita kutoka Masisi. Anamlea mjukuu wa miezi miwili, kwani mama wa mtoto anatoka alfajiri kubeba mizigo Birere na kurudi giza likiingia. Simu nzuri ya nyumba hiyo ni moja, ya mjomba, kijana motari wa miaka 24. Siku mtoto alipopelekwa kupimwa mara ya kwanza, muuguzi aliuliza namba ya simu. Ikatolewa ya mjomba, kwani ndiyo iliyokuwepo. Tangu siku hiyo, kwa macho ya kompyuta, mlezi wa mtoto ni mjomba.

Ujumbe wa chanjo ya wiki ya 10 unaingia saa nne asubuhi, kwa Kifaransa, wakati mjomba yuko njia ya Sake na abiria nyuma. Anautazama mara moja, anafikiri ni tangazo la kampuni ya simu, anaufuta. Ujumbe ulisema siku imebadilishwa. Tate hana habari. Yeye ana fishi ya mtoto, ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki, na tarehe iliyoandikwa kwa bic anaijua kwa moyo hata kama hasomi. Anatembea saa nzima na mtoto mgongoni, anakuta hakuna chanjo siku hiyo. Anarudi. Wiki inayofuata anaugua yeye mwenyewe. Na katika kitabu cha kituo jina la mtoto linahamia upande wa waliopotea.

Nani amepotea hapo? Mtoto yuko nyumbani, tate yuko nyumbani, fishi iko ndani ya mfuko. Kilichopotea ni ujumbe. Lakini kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi itasemwa kwamba «wamama wazee hawafuati».

Kalenda ya chanjo si jambo la kuchezea: kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha mwezi wa 9 kwa surua. Mtoto wa familia iliyohama mara tatu akiruka siku moja, anaweza kuruka zote, na surua ikiingia ndani ya nyumba ambamo familia nne zinalala pamoja, haiulizi nani alikuwa na mega.

Sasa tuhuma yenyewe ipimwe. Wazee hawataki simu? Nenda soko la Virunga. Mama muuza ndagala wa miaka 60 anapokea malipo kwa M-Pesa na kwa Airtel Money. Anajua sauti ya ujumbe wa pesa kuliko sauti ya kengele ya kanisa. Namba yake ya siri haijui hata mume wake. Mwanzoni mwa mwaka 2025, banki za Goma zilipofungwa, ni mama huyo huyo aliyeendelea kulipa na kulipwa kwa simu, na wasomi wengi wakaenda kumuomba awatolee franka mbili tatu. Hakuna aliyemwitia semina. Alijifunza kwa sababu kitu kile kilikuwa na faida kwake, kilikuwa kwenye simu yake ndogo, na palikuwa na mtu kwenye kibanda cha pembeni wa kumuuliza: «Mwanangu, nimekosea wapi?»

Mambo hayo yote yanakosekana kwenye programu nyingi za afya. Zinadai simu ya Androidi, zinadai mega, zinaandika Kifaransa cha ofisi, na ukikosea hakuna kibanda.

Kuna pia kumbukumbu. Mwaka 2020 serikali ilianzisha RAM, ile tozo ya kuandikisha simu iliyokatwa moja kwa moja kwenye unite za watu. Watu walipiga kelele hadi ikafutwa mwaka 2022. Mzee aliyeweka unite za kumpigia mtoto wake aliye Kinshasa, akakuta zimekwenda bila yeye kubonyeza kitu, leo anaambiwa abonyeze nyota, kisha namba tatu, kisha alama ya reli, «ni bure». Anakataa. Kukataa kwake kunaitwa ujinga. Mfanyabiashara akikataa kuweka pesa mahali zilipopotea mara ya kwanza, anaitwa mwenye busara.

Na kwa wakimbizi wa ndani shida inaanza mbali zaidi, kwenye kadi ya simu yenyewe. Kuandikisha laini kunadai kitambulisho, na kitambulisho cha Mkongomani kwa miaka mingi kimekuwa kadi ya mpiga kura. Watu wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura mwezi wa 12 mwaka 2023 juu ya vita. Wengi wao hawakuweza hata kujiandikisha. Kadi za zamani zimefutika maandishi, nyingine ziliungua pamoja na nyumba. Kwa hiyo mama mzee aliyehama anatumia laini iliyoandikwa jina la jirani ao la shemeji. Jirani akihama, laini inahama. Kisha mradi unaleta orodha ya namba na kuiita orodha ya walezi!

Mwezi wa 2 mwaka 2025 jambo hilo lilionekana wazi. Kambi za pembeni ya Goma, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, zilivunjwa ndani ya siku chache. Watu walibeba shiti, masufuria na watoto. Wamoja wakarudi walikotoka, wengine wakaingia kwenye familia za mjini. Vituo vya afya vya kambi vilikuwa na fishi zao na namba zao. Ingekuwa ndiyo saa ya teknolojia kuonyesha kazi: kumpata mama wa mtoto mwenye utapiamlo kule alikokwenda. Namba zikapigwa, na ni simu gani inayopokelewa wakati wa kukimbia? Nyingine zilinyang'anywa njiani, nyingine hazina chaji, nyingine ziko mfukoni mwa kijana aliyeshika njia nyingine. Mara nyingi waliowapata watu walikuwa RECO, wale wajitolea wa afya wa kila mtaa, kwa miguu, wakiulizia jina la kijiji na jina la baba. RECO nao hawalipwi mshahara. Ile pesa kidogo ya motisha inachelewa, na wakati mwingine ndiyo ya kwanza kukatwa ili kununua tableti.

Upande wa vijana nako kuna sifa ambazo hawazistahili na mzigo ambao hawaustahili.

Kwanza sifa. Kijana anafungua simu haraka, hiyo ni kweli. Lakini kufungua simu siyo kujua afya. Wakati wa Ebola ya Beni na Butembo, kuanzia mwezi wa 8 mwaka 2018 hadi mwezi wa 6 mwaka 2020, ugonjwa ulioua zaidi ya watu 2,200, uvumi kwamba ugonjwa ni biashara ulipita haraka sana kwenye WhatsApp. Wazee walitoa wapi odio hizo? Zilitoka kwenye simu za watoto wao. Hata juu ya mpox, ile aina mpya iliyoonekana Kamituga mwaka 2023 na ambayo OMS ilifanya itangazwe dharura ya dunia tarehe 14 Agosti 2024, vikundi vya WhatsApp vilijaa dawa za kupaka na maji ya majani kabla muganga hajasema neno. Wakati huo tate asiye na WhatsApp alikuwa anafua nguo za mgonjwa pembeni na kumtengea sahani yake, kama alivyofundishwa na kipindupindu. Mwanamke mwenye miaka 60 na kitu leo alikuwa tayari mtu mzima mwezi wa 7 mwaka 1994, wakati kipindupindu kilipoua maelfu ya wakimbizi Goma na watu wakazikwa kwa tingatinga. Hakuna aliyemtumia ujumbe. Alijifunza kwa mdomo: maji safi litre moja, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, mpe mtoto kidogo kidogo hata akitapika. Muulize sasa hivi, atakuambia. Kisha muulize kijana mwenye simu ya mega; atatafuta kwenye intaneti, kama mtandao upo.

Halafu mzigo. Katika nyumba nyingi «kijana anayeelewa teknolojia» ni msichana wa miaka 14 ao 15. Ni yeye anayesomea familia ujumbe, anayepiga namba ya bure, anayejibu maswali ya mtu wa mradi, anayepokea pesa ya dawa iliyotumwa na mjomba aliye Canada. Tate akilazwa, msichana naye analala hospitali, kwani ndiye anayejua simu. Wiki mbili za shule zinakwisha hivyo. Kaka yake mkubwa mwenye Androidi haitwi, yeye ana mambo yake. Ripoti itaandika kwamba vijana wamechangamkia huduma. Msichana huyu amegeuzwa gardimaladi bila mtu kumuuliza, na hatahesabiwa popote, si kwenye orodha ya wanafunzi waliokosa shule juu ya ugonjwa wa wazazi, si kwenye orodha ya walezi.

Na kuna jambo ambalo wenye kutengeneza programu hizi wangelijua kama wangekaa siku moja kwenye nyumba ya Kivu. Kuna maneno ambayo mtu mzima hasemi mbele ya mjukuu. Mama anayetokwa na damu, mama anayevuja mkojo tangu uzazi wa mwisho, mama anayemeza dawa za SIDA, hatasema hayo kwenye simu iliyoshikwa na mtoto wa binti yake, sauti ikitoka nje hadi kwa majirani kupitia ukuta wa mbao. Atasema: «Kichwa kinaniuma tu, mwanangu.» Mtoto atabonyeza kichwa. Namba itamjibu juu ya kichwa. Dawa ya kichwa itanunuliwa, na ugonjwa utaendelea.

Tena kwenye vizuizi simu zinafunguliwa na kusomwa. Kila mtu anajua, ndiyo maana vijana wanafuta kila kitu kabla ya safari. Wanafuta picha, wanafuta odio, na ujumbe wa siku ya kuchukua dawa unakwenda pamoja. Simu ya kijana hapa si kabati la kutunza karatasi za ugonjwa.

Mfano mwingine ni machini ya tansyo. Watoto walio Ulaya ao Amerika wanawatumia wazazi machini ndogo ya kufunga mkononi, inayoandika namba yenyewe. Kitu kizuri. Lakini muuguzi wa huku, kwa desturi ya Kifaransa, siku zote amemuambia baba: tansyo yako ni 14 kwa 8. Mama ameyashika hayo, miaka kumi anaandika 14/8, 15/9 kwenye kadaftari. Machini mpya inaandika 140 na 80. Mama anaona mia moja na arobaini, anapiga kelele, baba anakimbizwa hospitali kwa pikipiki usiku, na njiani tansyo inapanda kweli. Kwingine inakuwa kinyume: msichana anasoma 178 na 104, anasema «machini imeandika, ni sawa», kwani hakuna aliyemuambia kwamba hiyo ndiyo 18 kwa 10 ambayo tate anaiogopa. Mmoja ana mashine bila maana ya namba, mwingine ana maana ya namba bila mashine. Muuguzi mmoja, kwa dakika tano na kipande cha karatasi, angewaunganisha hao wawili. Karatasi hiyo haiko ndani ya katoni. Ndani ya katoni kuna kitabu cha lugha kumi na mbili, Kiswahili hakimo.

Wamoja watajibu kwamba simu imeokoa watu. Ni kweli, na asiyekubali hilo hajaishi Kivu. Barabara ikifungwa, pikipiki ikikataa kupita usiku, muuguzi mkuu aliyepigiwa simu na kusema «mtoto huyo usingoje asubuhi, mlete sasa hivi» ameokoa maisha kuliko gari la msaada. RECO anayetuma habari ya kipindupindu kwa simu siku ile ile anashinda yule anayengoja karatasi ifike ofisi ya zoni ya afya. Hakuna mama mzee anayepinga hayo. Ila tazama ni simu ya namna gani: sauti ya mtu anayejulikana, kwa Kiswahili, Mashi, Kinande, Kihunde ao Kinyarwanda, anayeweza kuulizwa na kujibu. Wazee na vijana wanaitumia bila semina.

Kinachopingwa ni kile kinachokuja badala yake kwa sababu ni rahisi kuhesabu. Ujumbe elfu kumi ukitumwa, ripoti inaandika watu elfu kumi wamefikiwa. Kati yao kuna namba za mamotari, namba zilizokufa, namba za majirani waliohama, na namba moja iliyoandikwa kwenye fishi za watoto saba wa avenyu moja kwa sababu ni ya mwenye duka. Wanaolipa mradi wanafurahi. Anayelala na mgonjwa hakusikia kitu. Halafu mwaka unaofuata anakuja mtu mwingine kufanya uchunguzi: kwa nini wazee hawatumii teknolojia?

Redio nazo zisijitoe kwenye kesi hii. Tate ana redio, ana betri, anasikiliza. Lakini matangazo mengi ya afya yanayolipiwa na miradi yanasomwa haraka haraka, kwa Kiswahili kilichokatwa kutoka Kifaransa, na mwishoni inatajwa namba ya simu mara moja tu, kwa Kifaransa, «soixante-dix-sept» na mengine. Mtu asiye na kalamu mkononi ataishika namna gani?

Yanayoombwa na magardimaladi, ukikaa nao kwenye moshi ule wa asubuhi, si makubwa. Wanataka kuambiwa kwa sauti, kwa lugha yao, saa za jioni wakati simu ya nyumba imerudi nyumbani. Wanataka ujumbe ukija, karatasi ibaki: tarehe iandikwe pia kwenye fishi, na ikibadilishwa RECO apite. Wanataka mahali pa kuchaji kwenye kituo cha afya, kwani sola ipo pale kwa ajili ya frigo ya chanjo na mashirika yanayoiweka yangeweza kuongeza paneli moja. RECO apewe unite na alipwe, kabla ya mtu yeyote kununuliwa tableti. Msichana mwenye simu arudi shule. Kama mradi unahitaji mkalimani, uajiri mtu mzima, mwanamke, ambaye tate anaweza kumuambia ugonjwa wake akiwa amefunga mlango.

Na vijana wenye Androidi, wao wanaombwa kitu kimoja: ujumbe wa afya ukiingia usifutwe kabla ya kusomwa kwa sauti nyumbani, hata kama unaonekana ni wa kampuni.

Kwa CODESA na wauguzi wakuu, kuna jambo la kufanya kabla ya siku ya chanjo inayokuja. Kwenye fishi ya mtoto kuna mahali pa kuandika namba ya simu. Pembeni yake iandikwe kwa mkono: simu hii ni ya nani, na mtoto anashinda na nani mchana. Kisha, watakapotaka kujua kwa nini mtoto hakuja, waanze na jina hilo la pili.